Mkazi ni Nani?

Kila kijiji duniani hujiuliza swali moja, hata pale ambapo hakuna anayelitamka kwa sauti: nani aruhusiwe kujenga hapa? Mjini swali hilo hujibiwa kwa ramani, mhuri na kibali cha ujenzi. Kijijini hujibiwa kwa njia ya mzunguko. Mtu akifika akaomba kiwanja, haulizwi kwanza nyumba yake itakuwa na vyumba vingapi wala itaezekwa kwa nini. Huulizwa: wewe ni nani kwetu?

Mimi ni mtu wa Kimwani, kusini mwa nchi ya Wahaya, upande wa Ziwa Viktoria, ambako leo ni Wilaya ya Muleba. Nimeishi huko utotoni na sasa naishi huko uzeeni; katikati ya hapo nilifundisha shule mbali na nyumbani kwa miaka thelathini na moja. Kwa hiyo swali hili nimelitazama kutoka pande zote mbili za mlango. Nimekuwa mgeni katika vijiji vya wengine, na nimekuwa mwenyeji katika kijiji changu hata nilipokuwa siishi humo. Katika insha hii napenda kulifuata swali hilo nyuma kidogo katika historia yetu, maana naamini historia hiyo inatufundisha jambo ambalo mikutano yetu ya vijiji imelisahau.

Msomaji asiyetoka Kagera inafaa aelewe kwanza maneno mawili. Kibanja ni makazi ya Mhaya: nyumba katikati, migomba kuizunguka, mibuni chini ya migomba, na makaburi ya wazee humo humo. Rweya ni mbuga ya nyasi iliyo nje ya vibanja, mahali pa kulishia ng'ombe, kukata nyasi na kulima mazao ya msimu. Kibanja kilikuwa cha mtu na ukoo wake. Rweya ilikuwa ya wote chini ya mtawala. Mtu aliyetaka kujenga upya alitoka kwenye kibanja cha baba yake akaomba kipande cha rweya, au aliomba kibanja kilichoachwa na mtu aliyekufa bila mrithi au aliyehama.

Zamani mwenye kauli ya mwisho alikuwa Mukama, na chini yake alikuwapo mkungu aliyesimamia kijiji. Tusidhani kwamba watawala hao waliwafukuza wageni. Mtawala asiye na watu hakuwa mtawala. Mgeni aliyekuja kwa adabu, akaleta chake cha kuingilia, akakubali kutoa kodi ya ndizi, pombe na kazi, alipewa mahali pa kukaa. Masharti yalikuwa kwamba akae kweli, alime, na awe mtu wa mtawala huyo. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo husemwa kama kumsuta mgeni mvivu, lakini ndani yake imo hukumu ya haki: anayeshika jembe si mgeni tena.

Ubaya wa utaratibu ule ulikuwa mahali pengine. Aliyekuwa na uwezo wa kusema nani akae, ndiye pia aliyekuwa na uwezo wa kusema nani aondoke. Hapo ndipo ilipoota nyarubanja. Mukama aliweza kumpa mtu wa karibu naye, ndugu au mtumishi aliyempendeza, eneo zima lenye vibanja vya watu wengine waliokwisha kaa humo. Asubuhi moja familia iliyolima pale tangu enzi za babu iligeuka kuwa ya watwarwa, yaani wapangaji wa bwana mpya, wenye kumlipa sehemu ya mavuno na kumfanyia kazi. Wakati wa Wajerumani mashamba ya namna hiyo yaliongezeka. Kisha zao la kahawa lilipokuja kutoa fedha taslimu, kibanja kikawa mali ya thamani, na mtwarwa akawa hana usalama hata kidogo: alipanda mibuni yeye, lakini bwana ndiye aliyekuwa na cheo juu ya ardhi, na mara nyingine hata hakukaa kijijini.

Tuuangalie mgogoro huo kwa makini, maana ni mama wa mingine yote. Upande mmoja alikuwapo anayekaa na kulima bila kuwa na jina juu ya ardhi. Upande wa pili alikuwapo mwenye jina asiyekaa wala kulima. Kwa muda mrefu sheria ilisimama na mwenye jina.

Uhuru ulipokuja, upepo uligeuka. Mwaka 1963 mamlaka ya watawala wa jadi yalikoma kisheria. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa watu waliokaa chini ya nyarubanja, na mwaka 1968 ikafuata sheria nyingine iliyopanua ukombozi huo kwa wapangaji wengine wa ardhi za kimila. Maana yake kwa lugha ya kawaida ilikuwa moja: ardhi iwe ya yule aliye juu yake na anayeitumia. Ulikuwa ushindi mkubwa wa mkazi. Mtu ambaye jana aliambiwa "wewe ni wa kutwaliwa tu", leo alikuwa na haki kwa sababu alikaa, alilima, na majirani walimjua.

Hilo ndilo jambo ninalosema tumelisahau. Katika historia yetu, sharti la ukazi lilizaliwa kama ngao ya mnyonge, na tangu hapo halijawahi kuwa salama mikononi mwa mwenye nguvu. Kila mara mtu mwenye nguvu amejaribu kulibadili maana, ili neno "mkazi" lisimaanishe tena anayeishi hapa, limaanishe mtoto wa hapa. Maneno hayo mawili yanafanana masikioni lakini yako mbali sana katika haki.

Mwaka 1975 ilitungwa sheria ya vijiji, na halmashauri ya kijiji ikachukua kiti cha mkungu. Kwetu uhamishaji wa watu wakati wa Operesheni Vijiji haukuwa mkubwa kama sehemu nyingine za Tanzania, kwa kuwa tayari watu walikuwa wamekaa karibu karibu kwenye migomba yao. Lakini rweya ilibadilika mikono. Aliyetaka kiwanja sasa alikwenda kwa mwenyekiti na wajumbe. Wajumbe hao walikuwa watu wa koo zile zile, na kumbukumbu za koo hazikufutwa na sheria.

Kisha likaja pigo ambalo halina nyumba lililoiruka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuandikwa Tanzania, mwaka 1983, walitoka Kagera. Katika miaka iliyofuata vijana wenye nguvu walizikwa kwenye migomba, na vibanja vikabaki na wazee, yatima na wajane. Hapo tuliona neno "mkazi" likipinduliwa mchana kweupe. Mjane aliyeingia kwenye kibanja akiwa msichana, akakipalilia miaka ishirini, akamuuguza mume mpaka mwisho, aliambiwa na wakwe zake: "Wewe si wa ukoo huu. Rudi kwenu." Huko kwao kaka zake walimwambia: "Wewe uliolewa. Kwako ni kule." Hapakuwa na mtu katika kijiji kile aliyekaa kuliko yeye, lakini katika hesabu ya ukoo alikuwa mgeni. Nawafahamu kina mama kadhaa waliopitia njia hiyo. Mmoja aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, mimi nimekuwa mgeni maisha yangu yote, na sijawahi kusafiri."

Mila iliyowafunga wanawake iliandikwa pia katika vitabu vya serikali. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilisema kwamba mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini asiiuze. Kanuni hiyo ilikuja kujaribiwa hapa hapa Muleba. Bibi mmoja, Holaria Pastory, alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alikuwa amezeeka na hakuwa na wa kumtunza. Mwezi Agosti 1988 aliiuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa Sh. 300,000. Siku iliyofuata ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akitaka mauzo yafutwe, kwa kuwa muuzaji ni mwanamke. Mahakama hiyo ilikubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ikatengua, ikitaja haki za binadamu zilizo katika Katiba. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale anayowekewa mwanamume.

Watu wengi huikumbuka hukumu ile kwa upande wa wanawake, na ni haki iwe hivyo. Mimi huikumbuka pia kwa sehemu yake ya pili, ambayo haizungumzwi sana. Jaji hakuufungia ukoo mlango. Alisema mtu wa ukoo, awe mwanamume au mwanamke, anaweza kuikomboa ardhi iliyouzwa kwa mgeni, ila alipe bei aliyolipa mgeni. Naona busara kubwa hapo. Ukoo una haki ya kupenda ardhi yake, lakini mapenzi hayo yawe na gharama kwa anayependa, yasilipiwe na kikongwe aliyekosa wa kumtunza.

Mwaka 1999 nchi ikapata Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huo, ambayo ndiyo inayotumika hadi sasa pamoja na marekebisho yake. Kwa swali letu sheria hiyo ina mstari mmoja wa dhahabu. Inasema mwanakijiji ni mtu ambaye kwa kawaida anaishi katika kijiji, au anayetambuliwa hivyo na halmashauri ya kijiji. Haikutaja ukoo. Haikutaja kabila. Haikutaja kaburi la babu. Raia asiye mkazi naye hakunyimwa nafasi ya kuomba. Ombi lake hupimwa na halmashauri, na mauzo ya ardhi kwa mtu asiyekaa kijijini yanahitaji idhini. Sheria hiyo pia inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, wasiopungua watatu wawe wanawake, kwa ajili ya kusuluhisha migogoro.

Lakini tazama maneno yale ya mwisho: "anayetambuliwa hivyo na halmashauri." Mlango huo uliwekwa kwa nia njema, ili mtoto wa kijiji aliye masomoni au kazini asipoteze kwao. Kwa vitendo, ndio mlango ambao ukoo hupitia kurudi. Asiyekaa hutambuliwa haraka akiwa mtoto wa fulani. Anayekaa hucheleweshwa akiwa si mtoto wa mtu.

Niliwahi kuhudhuria mkutano katika kijiji kimoja, ambacho jina lake halina haja, ambapo maombi mawili ya viwanja kwenye rweya yalisomwa siku moja. La kwanza lilikuwa la kijana wa ukoo mkubwa anayeishi Dar es Salaam, mwenye tayari nyumba moja pale kijijini, ya bati na vigae, inayofunguliwa Krismasi. La pili lilikuwa la mtu aliyekuja kama kibarua wa kahawa, akakaa miaka kumi na tisa, akaoa, akazaa watoto wanne wanaosoma shule ya kijiji, na kila kazi ya kujitolea alionekana. Alikuwa amepanga chumba. Ombi la kwanza lilipita bila swali. La pili likaambiwa lisubiri, kwa kuwa "ardhi ni ndogo na wenyewe hatujatosheka." Hakuna aliyevunja kanuni ya mkutano. Kila mkono ulionyoshwa ulihesabiwa. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikijua kwamba neno "wenyewe" lilikuwa limefanya kazi ambayo zamani ilifanywa na neno "mtwarwa".

Neno hilo linaweza kufika mbali zaidi ya kiwanja. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, serikali iliwaondoa katika mikoa ya magharibi watu iliowataja kuwa wahamiaji haramu. Nchi ina haki ya kulinda mipaka yake, na ujambazi uliokuwapo haukuwa wa kubuni. Lakini miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu walioishi Kagera miaka mingi, wenye wake au waume Watanzania. Uraia ni suala la taifa na lina vyombo vyake. Ila mahali ambapo kijiji hakijawahi kuandika nani anakaa humo na tangu lini, siku ya msukosuko jirani hugeuka kuwa shahidi na hakimu kwa wakati mmoja.

Nisieleweke kwamba kijiji hakina haki ya kuweka masharti. Kinayo, na kwa sababu nzito. Mwanzoni mwa 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana kwa mara ya kwanza Tanzania, na ulionekana Muleba. Dawa ya kunyunyizia haipo. Kinachosaidia ni mkono wa mtu: kukata ua dume mapema, kung'oa shina lililoshikwa, kuchoma kisu kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kibanja kisicho na mtu ni hatari kwa vibanja kumi vya jirani. Tena kuna wanunuzi wa kandokando ya ziwa, wanaotaka mandhari tu, hata katika zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezikataza. Nyumba iliyofungwa haipeleki mtoto shuleni, haichangii maji, haiendi msibani. Kijiji kinachosema "hatutaki nyumba za kufungwa" kinasema jambo la maana.

Hili si letu peke yetu, na wenzetu wa mbali wamelifikisha mahakamani kwa namna inayotusaidia kuona tofauti. Huko Flanders, Ubelgiji, mwaka 2009 ilitungwa sheria iliyotaka mnunuzi wa nyumba au kiwanja katika vijiji fulani athibitishe kwamba ana uhusiano wa kutosha na mahali hapo: kwa mfano awe ameishi hapo miaka sita mfululizo, au awe na uhusiano wa kazi, wa familia au wa kijamii. Lengo lilisemwa kuwa ni kuwalinda wenyeji wa kipato cha chini. Mwaka 2013 Mahakama ya Ulaya iliikataa sheria hiyo. Moja ya sababu zake inatuhusu sana: sharti lile halikupima umaskini wa mtu, kwa hiyo mwenyeji tajiri alifaidika nalo kama mwenyeji maskini, naye maskini mgeni akabaki nje.

Kwenye mji wa pwani wa St Ives, Uingereza, mwaka 2016 zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura walikubali kwamba nyumba mpya zijengwe kwa ajili ya watu watakaoishi humo kama makao yao makuu, si nyumba za likizo. Kampuni ya ujenzi ilipinga mahakamani, na mwaka huo huo Mahakama Kuu ikaupitisha mpango. Mtu wa St Ives haulizwi ametoka wapi. Anaulizwa kama atakaa. Flanders walimwuliza mtu habari za jana yake. St Ives wanamwuliza habari za kesho yake.

Hapo ndipo ninaposimama. Kijiji kina haki ya kumwuliza mtu, "Je, utakaa nasi?" Hakina haki ya kumwuliza, "Baba yako ni nani?" na kisha kuliita swali hilo sharti la ukazi. Na swali la kwanza likiulizwa, liulizwe kwa wote. Mtoto wa ukoo aliyeko Dar es Salaam au Mwanza akiomba kiwanja kipya cha rweya, naye aseme lini atakaa, na kiwanja kisipoendelezwa kwa muda uliowekwa, kirudi. Kibanja cha wazee wake chenye makaburi ni jambo jingine. Hicho ni urithi, na hakuna anayekitaka. Sababu za kukataa ombi ziandikwe, apewe mwombaji, ili akitaka apeleke lalamiko lake mbele. Na daftari la wakazi litunzwe, likiwa na majina ya wajane, vibarua na wavuvi.

Watakuwapo watakaosema kwamba tukifungua mlango hivyo, wageni watatumeza. Hofu hiyo naijua. Nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, na rweya yetu kweli inapungua kila mwaka. Lakini mgeni wa kututisha si yule mwenye jembe. Anayemaliza ardhi ni mwenye fedha anayenunua asikokaa, na mara nyingi huingia akiongozwa kwa mkono na mwenyeji. Sharti la "utakaa?" linamzuia huyo. Sharti la "wewe ni wa ukoo gani?" halimzuii, maana daima hupatikana mtu wa ukoo wa kumwandikia jina.

Najua pia kwamba kanuni ninayoitetea ingenigusa mimi. Niliporudi baada ya miaka thelathini na moja hakuna aliyeniuliza chochote. Jina la baba yangu lilitosha. Wanangu wako mijini, na wawili wangependa kupata viwanja Kimwani kabla rweya haijaisha. Nimewaambia waandike maombi yao na waweke humo mwaka watakaohamia. Mmoja amenuna. Mwingine ameniuliza kama yule kibarua aliyekaa miaka kumi na tisa alikwisha kupata kiwanja chake. Nilimjibu kwamba bado, na kwamba jina lake linapaswa kusomwa kabla ya yao.